Mwati wa Kiriaini

Mwezi uliopita tulipokea wageni nyumbani, watu wa kijana anayemwoa binti yangu. Chai ilinywewa, maombi yakaombwa, wazee wakakohoa kidogo jinsi wazee wanavyokohoa wakitaka kuanza maneno. Kisha msemaji wao akatoa bahasha mfukoni mwa koti, akaiweka mezani na kusema, "Hii ndiyo mwati." Wazee wetu wakaitikia kwa kichwa na kungoja bahasha ya pili. Mimi nilikuwa nimeketi upande wa akina mama, na wewe unanijua, ulimi wangu hauna breki. Nikauliza, "Mmehakikisha haijazaa?"

Aliyecheka ni mtu mmoja tu, anti yangu, mke wa mjomba, ambaye alikuwa ametoka Naro Moru asubuhi hiyo. Alicheka mpaka akavua miwani, na mimi nikashikwa na kicheko hichohicho, ikabidi tutoke kwa mlango wa jikoni kabla hatujaharibu shughuli ya watu. Sasa keti nikueleze tulikuwa tunacheka nini.

Mwati, kama wewe si wa kwetu, ni kondoo jike ambaye bado hajazaa. Yeye na mbuzi jike ambaye pia hajazaa ndio wanaotangulia katika ruracio, yaani mahari ya Wagikuyu. Bila hao wawili mtu hajaanza lolote, hata akileta lori zima la zawadi. Na hawachinjwi. Wanapelekwa kwa baba ya msichana wazae huko.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa darasa la tano katika shule moja ya mabati juu ya Nyeri mjini. Asubuhi za Julai zilikuwa na ukungu hata humwoni aliyeketi dawati la mbele, na darasa zima lilinuka sweta mbichi na moshi wa kuni tuliotoka nao jikoni. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mwanamume mrefu mwenye koti moja la kahawia, na muhula huo alikuwa ametuletea jambo jipya. Alichora ubao mzima kwa mistari, akaugawa sehemu nne: masculine ya kiume, feminine ya kike, common ya wote, na neuter ya visivyo na jinsia. "Kila jina lina kwao," alituambia. "Kazi yenu ni kulirudisha nyumbani."

Tulilichukua jambo hilo kama mpira wa miguu. Ijumaa mchana wavulana walisimama ukutani upande mmoja na wasichana upande wa pili. Mwalimu akitaja bull, sisi tunarudisha cow. Akitaja cock, tunarudisha hen. Meza na jiwe vilikwenda neuter, mtoto na binamu vikaenda common. Aliyekosa aliketi sakafuni. Tulikariri duke na duchess, tukakariri stallion na mare, ilhali farasi mwenyewe wengi wetu tulikuwa tumemwona kwenye kalenda tu. Siku ya ram, yaani kondoo dume, mvulana mmoja aliulizwa jike lake, akasoma neno la ubaoni kwa Kiswahili, "ewe," tukavunjika mbavu, na mwalimu akageukia dirisha ili tusimwone naye akicheka. Mimi nilikuwa hodari wa mchezo huo kuliko wote. Wiki tatu mfululizo nilibaki nimesimama peke yangu, na ya tatu nikapewa penseli mpya yenye mistari myekundu na myeusi. Nilitembea nayo imechomekwa kwenye nywele hadi kanisani.

Nilipofika nyumbani nilimfundisha shosho. Mimi nililelewa na shosho, mama ya mama yangu, mwanamke mfupi aliyevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Jioni tulikuwa tukipukuchua mahindi karibu na moto, sufuria ya githeri ikitokota polepole, na mimi namtupia maneno. Shosho hakujua kusoma, lakini kondoo wake aliwajua. Nikisema ram na ewe, yeye anauliza, "Hao tu?" Kisha anahesabu kwa vidole vyenye unga wa mahindi: kuna dume la mbegu, kuna dume lililohasiwa la kunonesha, kuna jike aliyezaa, na kuna mwati. "Kitabu chenu kina wawili na mimi nina wanne," alisema. "Nani msomi?" Kesho yake nilimuuliza mwalimu kondoo aliyehasiwa huwekwa sehemu gani ya ubao. Alinituma chaki ofisini.

Zizi letu lilikuwa nyuma ya jikoni, la mbao na mabati ya zamani, na kuwalisha kondoo ilikuwa kazi yangu. Walikuwa saba. Mmoja wao alikuwa mtoto niliyemlea kwa chupa baada ya mama yake kufa, jike mwenye doa jeusi kwenye sikio la kushoto. Alinifuata mpaka lango la shule na kurudi peke yake. Nilimpa maganda ya mahindi mkononi na chumvi kidogo niliyoiba kwenye kopo, na nikikariri masomo yangu alisimama akicheua, akinitazama. Nilimpenda, nakwambia bila haya, kuliko watu kadhaa wa ukoo wetu.

Muhula huohuo mjomba wangu, kitinda mimba wa shosho, alipata mchumba. Mjomba alikuwa akiuza misumari na bawaba katika duka dogo kule Majengo, na mifugo hakuwa na habari nayo. Msichana alikuwa wa Kiriaini, binti wa mzee wa kanisa mwenye mashamba ya chai na sifa ya kutotabasamu. Vijana wawili walikuwa wamekwisha kurudishwa langoni pake. Mjomba alikonda kwa wasiwasi. Alikuja nyumbani kila Jumapili kumuuliza shosho mambo yaleyale, na kila Jumapili shosho akamwambia atulie, mwati yupo zizini, mbuzi atatoka kwa jirani.

Mwati aliyekuwapo zizini alikuwa mmoja tu. Alikuwa na doa jeusi kwenye sikio la kushoto.

Wiki ya safari ya kupeleka mwati Kiriaini, shosho aliitwa Kerugoya kumwangalia binti yake aliyekuwa amejifungua. Akaacha maagizo kwamba mjomba aonyeshwe mwati na mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayewajua kondoo. Aliyasema hayo mbele ya jirani, na nilijivuna siku nzima. Usiku nikakumbuka ni kondoo gani anayezungumziwa, na kiburi kikaisha.

Jumamosi mjomba akafika na pikapu ya jirani iliyozoea kubeba kabeji. Mvua ilikuwa inanyesha, wazee wetu wawili walikuwa wanangoja barabarani wamejifunika magunia, na mjomba alikuwa amevaa suti ya kuazima asiyotaka ilowe. Akasimama nje ya zizi. "Mwati ni gani?"

Yule wangu nilikuwa nimemfungia kwenye stoo ya kuni tangu alfajiri. Nikamshika mkubwa, jike mnene mwenye manyoya mazuri, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amezaa mbele ya macho yangu mwenyewe.

"Ni huyu."

"Una hakika?"

"Ni ewe, anko," nilimwambia, na penseli yangu ilikuwa bado kichwani. "Feminine."

Mjomba akacheka. "Haya, msomi amesema." Akamwinua kondoo, akamtupia turubai, wakaondoka. Nikaenda stoo, nikamkumbatia wangu, na nikajiambia kwamba sikusema uongo. Nilichosema kilikuwa kimeandikwa ubaoni.

Kwa siku nne nilikuwa mtu mwenye furaha. Wazee walirudi wakisema kule Kiriaini walipokewa vizuri, ila mvua iliwafikisha jioni sana, mifugo ikaingizwa zizini moja kwa moja bila kukaguliwa. Siku ya tano akaja kaka wa msichana. Hakukubali kuketi. Shosho alikuwa amerudi asubuhi hiyo, na ni yeye aliyempokea uani.

"Baba amenituma niwaambie mwati wenu amezaa," alisema kijana yule. "Anauliza kama hiyo ndiyo njia yenu ya kutuambia kwamba dada yangu ana mimba."

Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo ya maji, na ndipo nilipoelewa nilichofanya. Sikuwa najua kwamba yule mnene ana mimba, lakini nilijua kwamba mwati ni msichana mwenyewe kwa mfano, na kwamba anayeleta aliyezaa amemtukana binti na nyumba yake. Huko Kiriaini majirani walikuwa wamekwisha kumtazama msichana tumbo. Kijana akasema baba yake anatupa muda hadi Jumapili twende tukajieleze, la sivyo tukachukue mifugo yetu na maneno yaishie hapo.

Shosho alimsindikiza hadi barabarani. Aliporudi alikwenda zizini, akatazama, akatoka. Akaketi kwenye kigoda chake na kuniambia niendelee kupukuchua. Baada ya muda akasema, "Nihesabie kondoo wa nyumba hii."

Nikaanza, "Ram mmoja, ewe..."

"Wa kitabu niachie. Nihesabie wangu."

Sikuweza. Nililia mpaka nikashindwa kupumua, na katikati ya kilio nikamwambia yote, stoo na feminine na penseli. Nilingoja kiboko. Shosho alichochea moto, kisha akasema, "Mjomba wako hatalala hadi Jumapili, na yule msichana ndiye anayesemwa. Jumapili tutakwenda wewe na mimi, na utampeleka kwa mkono wako. Maneno utayasema wewe."

Tulikwenda kwa pikapu ileile. Nilikaa nyuma na kondoo wangu, kamba nimeizungusha mkononi mara tatu. Tulipofika, mzee wa Kiriaini alikuwa ameketi uani na wenzake wanne, wote na makoti ya kanisani. Mjomba alisimama kando, uso umemshuka. Shosho akanisukuma mgongoni kidogo.

Nilisema, "Ni mimi niliyekosea. Mwati ni huyu. Nilimficha kwa sababu ni wangu, nilimlea kwa chupa. Anko hakujua. Sisi hatukutaka kumsema vibaya anti."

Mzee akaniita karibu, akamkagua kondoo tumboni na kwenye chuchu, akamfungua mdomo akatazama meno. Kisha akanitazama mimi. "Na kwa nini umemleta sasa?"

"Kwa sababu anko atakosa bibi."

Mzee mmoja pembeni akaanza kucheka, akajificha kwa kofia. Yule mwenyeji hakucheka, lakini aliwageukia wenzake na kusema kwamba nyumba inayomtuma mtoto kusema kweli ni nyumba ya kuzungumza nayo. Mjomba akaketi chini palepale kwenye nyasi, na suti ya watu.

Nikaambiwa nitoe kamba. Vidole vilikataa kabisa. Ndipo msichana mwenyewe akatoka jikoni akijifuta mikono kwa leso, akachuchumaa mbele yangu. Nilikuwa sijawahi kumwona. Alinuka maziwa na moshi kama sisi.

"Anapenda kula nini?" aliuliza.

"Maganda ya mahindi. Na chumvi, lakini umpe mkononi."

"Na sikio hili hukunwa?"

"Nyuma yake. Akikunwa anafumba macho."

Akamkuna, na kondoo akafumba macho. Nikaachia kamba mwenyewe.

Jioni tulirudi na yule mnene, na mtoto wake nimempakata, kwa maana mzee alisema mwana wa kondoo amfuate mama yake. Wiki iliyofuata ilipofika Ijumaa, mwalimu alisema ram na macho yote yakanigeukia. Nilijibu ewe, taratibu, na sikusikia utamu wake wa zamani. Mjomba alioa Desemba. Mwaka uliofuata nilirudishwa mjini kwa mama yangu, kukawa na shule, kukawa na maisha, na habari za Kiriaini sikuziuliza tena. Pengine niliogopa kujibiwa.

Shosho ametuacha. Zizi sasa linalala pikipiki ya binamu yangu, na mabati yake yananuka petroli. Katika ukoo wetu mzima hakuna anayefuga hata kondoo mmoja, na silaumu mtu, mashamba yenyewe yamebaki vipande. Sisi tumebaki na majina, na bahasha za kuyawekea.

Basi siku ile ya wageni tulisimama nyuma ya jikoni, anti na mimi, tukacheka mpaka machozi yakatoka. Alipomaliza kufuta miwani aliniambia, kwa sauti ya kawaida tu, "Alizaa mara sita, unajua? Mara moja mapacha. Baba alikuwa akimpa chumvi mkononi, na alikuwa akidhani hatumwoni."

Miaka yote hiyo nilikuwa nikimwona kondoo wangu amesimama pale uani na macho amefumba, na hadithi yake ikiishia hapo. Anti akanishika mkono, akanikunjua vidole kimoja kimoja, kana kwamba bado vimeshika ile kamba.

Binti yangu akatokea mlangoni na nguo yake ya sherehe. "Mnaitwa ndani. Mnacheka nini?"

"Ewe wa mama yako," anti akasema.

Binti yangu neno hilo analijua, alilipatia alama shuleni kama mimi. Akatutazama, anti na mimi, akitafuta tunachokitazama, lakini mbele yetu kulikuwa na ua uliofagiwa tu.