Gae la Sidab

Mimi ni mtu wa kudai ushahidi. Hata hadithi za mababu zetu Unguja huwa nazikatiza: nani aliona? Ndiyo maana aibu hii imenikaa vizuri.

Niko mwaka wa ziada wa utafiti, akiolojia na historia ya kale, na nilikuwa sina mada. Siku moja, nyuma ya nyumba ya bibi yangu Sidab, kijiji cha wavuvi ng'ambo ya Unguja, mvua ikafukua gae la chungu lenye masizi, ukingoni zimeganda punje za ufuta zilizoungua. Nikaandika kurasa kumi na mbili kuhusu jiko la watu wa kale.

Msimamizi wangu, Dokta Salma, akaja mwenyewe na fomu ya kupitisha mada. Barazani nikavaa glavu, nikalitoa gae ndani ya pamba, nikaanza kuhutubia.

Bibi akatoka na kahawa na mkate wa ufuta.

"Hee! Gae langu! Tangu Ramadhani nnalitafuta!"

"La nini, Bibi?" nikauliza, bado nadai ushahidi.

"La mkate! Natandaza unga, namwagia ufuta, naligeuzia makaa. Wewe umelivisha pamba, linaumwa?"

Dokta Salma akautazama mkate, akalitazama gae, akairudisha fomu mkobani. Kisha akacheka mpaka machozi.

"Bibi, mjukuu wako ameandika kwamba mwenye gae hili alifariki miaka elfu nne iliyopita."

Bibi akamimina kahawa. "Basi marehemu anasema kuleni, mkate unapoa."