Asilimia Kumi na Nne

Baba yangu alikuwa karani wa shule ya sekondari kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo sikumjua mwalimu aliyeogopwa kama yeye. Walimu walikuwa na fimbo, yeye alikuwa na daftari. Lilikuwa daftari kubwa la jalada gumu, rangi yake ya kijani imeshachujuka, na alilifungia kwenye kabati la chuma pamoja na muhuri wa shule. Humo aliandika kila mwanafunzi aliyemaliza: alama zake, vyuo vitatu alivyoomba, na chuo kilichompokea, kama kipo. Aliyepata chaguo lake la kwanza aliwekewa tiki nyekundu pembeni. Aliyekosa aliachwa hivyo hivyo.

Wanafunzi walimwita Mzee Asilimia. Ukifika dirishani kwake na matokeo mkononi, alikutazama kwa juu ya miwani, akafungua daftari, akateremsha rula mstari kwa mstari, kisha akatoa hukumu. "Uhandisi, asilimia thelathini. Ualimu, asilimia themanini na tano. Amua mwenyewe, mimi si baba yako." Katika shule nzima ni mimi tu ambaye hakuweza kuniambia hayo maneno ya mwisho.

Ugonjwa huo alirudi nao nyumbani. Mvua ilikuwa na asilimia zake, mpira ulikuwa na asilimia zake, hata sukari kufika Ijumaa ilihesabiwa. Mama, ambaye alikuwa mwoka mikate na aliamka kabla ya jogoo, alikuwa akimjibu, "Na mimi kukutupia hii sufuria ni asilimia mia, endelea tu." Tulikuwa tunacheka. Siwezi kusema hatukucheka.

Ila asilimia zile hazikuzaliwa kwa mzaha. Enzi za ujana wake baba aliandika chuo cha uhandisi mstari wa kwanza, akakikosa kwa alama mbili. Na utaratibu wa vyuo, wakati wake na wakati wangu, ulikuwa uleule wa kikatili. Ulijaza vyuo vitatu kwa mpangilio, lakini kila chuo kilichukua kwanza waliokitaja mstari wa juu, na vyuo vyenye maana vilikuwa vimejaa kabla hata ya kuwaangalia wa mstari wa pili. Kwa hiyo ukikosea mstari wa kwanza, umekosa yote mitatu. Baba alikosa yote mitatu, akahangaika na vibarua kwa miaka mingi, mwisho akaambulia kiti cha karani katika shule aliyosoma mwenyewe, akakaa nyuma ya dirisha akiwaangalia wenzake wanarudi kufundisha. Aliapa hatamwona mtoto mwingine akianguka kwenye shimo lile. Naamini aliapa kwa moyo safi, na ndiyo maana mpaka leo nashindwa hata kumchukia vizuri.

Mimi nilitaka udaktari. Sikuanza kuutaka juzi. Nilianza nikiwa darasa la pili, siku niliyolazwa na pumu, daktari mmoja mwanamke akanipa kile chombo chake nisikilize moyo wangu mwenyewe. Nilisoma kama niliyerogwa. Majirani walikuwa wananiita Daktari tangu sijaota meno yote ya mbele, na baba mwenyewe alipenda jina hilo, aliniita hivyo akiwa na furaha.

Matokeo yakatoka. Nilipata alama sabini na tisa.

Jioni ile baba hakuniita Daktari. Alikuja na daftari nyumbani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akalifungua juu ya kitambaa cha plastiki cha meza ya chakula. Mama akasogeza vikombe. Baba akanionyesha safu ya chuo cha udaktari, ambacho kilikuwa na viti sitini tu, na alama za mtu wa mwisho kupokelewa kila mwaka: themanini na moja, themanini na tatu, themanini, themanini na mbili, themanini na nne, themanini na moja, na mara moja, mwaka mmoja peke yake, sabini na nane.

"Miaka saba," alisema. "Mwaka mmoja tu ungepita. Asilimia kumi na nne, mwanangu."

"Si sifuri," nilisema.

"Mimi nilikuwa na arobaini. Unaona nilipo?"

Mama akaingilia. "Mtoto anataka udaktari tangu anyonye. Mwandikie udaktari, Mungu atajua pa kumweka."

"Mungu hajazi fomu, mama watoto. Najaza mimi."

Alichonichagulia ni chuo cha utunzaji wa kumbukumbu. Asilimia tisini na sita. Alisema ni kazi ya heshima, ya kivulini, ambayo haikosi mtu wa kuihitaji. Nililia, nikagoma kula, siku ya pili nikamwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Siku ya nne nikachoka. Nikampa fomu, akaijaza kwa wino, kwa ule mwandiko wake wa kujivunia, na mimi nikatia sahihi chini. Hakunishika mkono. Sahihi ni yangu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu hata wa kumlaumu kikamilifu sina.

Sasa, kuna kitu kingine kilichokuwa kinaendelea mwaka ule, na baba alikuwa amevimba kichwa kwa ajili yake. Mkuu wa shule alikuwa amemwomba atoe hesabu zake za vyuo vyote kwenye karatasi moja, iwe rahisi kwa wanafunzi. Baba akaipiga chapa vizuri, akaipigia mistari kwa rula, juu akaandika "Nafasi za Kupokelewa." Mkuu akaipeleka kwenye kikao cha wakuu wa shule. Wakaigombea. Ndani ya wiki ilikuwa imetolewa kopi na kubandikwa kwenye mbao za matangazo za shule kumi na tisa, na watu wakawa wanakuja kutoka mbali kumpa mkono karani wetu. Kwenye safu ya chuo cha udaktari iliandikwa wazi: chini ya alama themanini, asilimia kumi na nne, themanini hadi themanini na tatu, bahati nasibu. Mtu yeyote mwenye akili zake akisoma hivyo anafyata mkia.

Darasani kwetu tulikuwa kumi na wawili tuliotaka udaktari. Kumi na mmoja tulifyata. Wa kumi na mbili alikuwa msichana tuliyemwita Kichwa Ngumu, mwenye alama sabini na tano, ambaye alilelewa na bibi yake aliyekuwa mfua mashuka wa hospitali. Bibi hakujua kusoma. Siku ya kujaza fomu alikuja mwenyewe dirishani, mikono imekunjamana kwa sabuni, na mimi nilikuwepo nyuma ya baba nikimsaidia kupanga fomu.

"Mjukuu wako hana nafasi hata ya dawa," baba alimwambia. "Sabini na tano? Haijawahi kutokea. Tazama karatasi, bibi."

"Hiyo karatasi mimi naionea wapi, baba? Naona weusi tu." Bibi akacheka, jino moja mbele. "We andika udaktari. Wakimkataa atarudi tufue."

Baba akaandika, akitikisa kichwa. Bibi alipoondoka akaniambia, "Umeona? Huko ndiko kumuua mtoto." Nami, Mungu anisamehe, nilimwonea huruma Kichwa Ngumu.

Majina yalitoka baada ya wiki sita. Chuo cha udaktari kilikuwa na desturi ya kubandika orodha yake na alama za kila mmoja, na idadi ya walioomba. Mkuu wa shule aliletewa nakala, akampa baba, na baba akaiweka juu ya dawati lake kuinakili daftarini kama kila mwaka. Nilikuwa nimekuja kuchukua barua yangu ya kupokelewa chuo cha kumbukumbu. Nilisimama mlangoni nikamwona amepigwa na butwaa, rula mkononi.

Mtu wa mwisho kupokelewa alikuwa na alama sabini na nne. Kichwa Ngumu alikuwa wa hamsini na saba.

Baba hakuwa mjinga. Hakwenda kwenye majina, alikwenda kwenye idadi. Miaka yote chuo kile kilipata waombaji zaidi ya mia nane. Mwaka ule waliomba mia moja na kumi na wawili. Shule kumi na tisa zilikuwa zimesoma karatasi moja, na watoto waliopaswa kugombea vile viti walikuwa wamekaa kando kwa adabu, wote kwa siku moja, wote kwa ushauri wa mtu mmoja. Sabini na tisa yangu ingeniingiza mlango wa mbele bila hata kubisha hodi. Nilimwona anavyolielewa jambo hilo. Alilielewa haraka kuliko mimi, kwa sababu hesabu ilikuwa yake.

Nilingoja aseme neno. Hata "pole" ningeipokea. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Mwaka usio wa kawaida," alisema.

Nikaondoka na barua yangu. Nilimchukia mpaka meno yakaniuma.

Ungedhani aliacha. Hakuacha. Mwaka uliofuata wakuu wa shule waliitaka karatasi tena, na baba akaongeza safu mpya kwa uaminifu wote: sabini na nne. Watoto wa shule kumi na tisa wakaona mlango uko wazi, wakamiminika. Mtu wa mwisho kupokelewa alikuwa na themanini na nane. Wenye themanini na tano, watoto ambao mwaka wowote mwingine wangeingia kifua mbele, walikosa mstari wa kwanza, wa pili na wa tatu. Mzazi mmoja, fundi bomba, alikuja shuleni na spana mkononi akamtafuta karani. Mkuu akamficha baba kwenye stoo ya chaki. Baada ya hapo karatasi ikabanduliwa kila mahali, na baba akarudi kupiga chapa barua za likizo mpaka alipostaafu.

Mimi nilimaliza chuo changu cha asilimia tisini na sita. Sasa ni mwaka wa kumi na nne niko kwenye chumba cha mafaili cha hospitali. Rafu kumi na nane, namba mpaka elfu arobaini, vumbi lisilokubali dawa, na pumu yangu. Nakaa nyuma ya dirisha. Kichwa Ngumu ni daktari wa watoto, na akija kuulizia faili huwa anainama kidogo ili tuonane vizuri. Bibi yake alifariki akiwa anaitwa bibi yake daktari. Kichwa Ngumu hana maringo hata kidogo. Siku moja aliniambia, "Wewe ulikuwa unanifundisha kemia, unakumbuka?" Nikamwambia nakumbuka. Nikampa faili lake.

Baba sasa ana miaka sabini na sita na macho yake yamekwisha. Mama ametutoka. Jumapili huwa naenda kumsafishia nyumba, na Jumapili iliyopita alinishika mkono akaniambia nitoe daftari chini ya kitanda. Shule ilimruhusu aondoke nalo. Nani mwingine angelitaka?

"Nisomee," alisema. "Nataka kujua kabla sijafa. Miaka ishirini na miwili, nimewapeleka wangapi pale walipotaka? Hesabu tiki nyekundu."

Nilikaa kitandani kwake nikahesabu, mwaka kwa mwaka, yeye akijumlisha kichwani, maana kichwa bado ni kisu. Ishirini na moja kati ya arobaini. Kumi na tisa. Ishirini na sita. Nikafika mwaka wangu. Ukurasa ulikuwa mwekundu kuliko kurasa zote, tiki juu ya tiki, wote tuliokaa kando kwa adabu, kila mmoja na chuo chake cha kujificha. Jina langu lilikuwa katikati. Tiki yangu ilikuwa kubwa kidogo kuliko za wengine, imevutwa kwa mkono uliofurahi.

"Thelathini na saba," nilisema.

Baba akatikisa kichwa. "Umeruka mtu. Mwaka ule walikuwa thelathini na wanane. Ndio mwaka wangu bora."

"Nimejiruka mimi, baba."

Akageuza uso upande wangu, macho meupe, na hakukuwa na ujanja wowote usoni pake. Nilitafuta, haukuwepo.

"Kwa nini?" aliuliza. "Kwani hukupata chaguo la kwanza?"

Kifua kilinibana, nikatafuta dawa yangu ya kuvuta kwenye mkoba. Alikuwa anangoja, vidole tayari kwenye hesabu.

"Nilipata," nilisema. "Jumlisha thelathini na wanane."