Vyeti vya Akina Mama wa Magogoni

Kahaso Masha alikuwa mwalimu wa ngumbaru, darasa la watu wazima, huko Magogoni tangu mwaka wa 1983. Kila siku saa tisa alasiri alifungua chumba kimoja nyuma ya ofisi ya chifu, akaandika tarehe ubaoni, akangoja akina mama wamalize kuosha vyombo waje. Mumewe alikuwa amemwacha kwa kukosa mtoto. Hakuwa na jamaa wa karibu. Darasa lile ndilo lililokuwa watu wake.

Mwaka wa 1989 wanafunzi kumi na mmoja walifaulu mtihani. Likaitishwa baraza, na mbunge akaalikwa kugawa vyeti. Akina mama walikuja na leso mpya. Mkubwa wao kwa umri, Mwanatatu, aliyejifunza kusoma ili asije akakosea tena dawa za mjukuu wake, alikaa mbele kabisa, mkoba kaushika kwa mikono miwili.

Mbunge alisimama, akaisifu serikali, kisha akawatazama wale mama akatabasamu.

"Haya, sasa mmejua kusoma. Lakini mwanamke atasoma nini? Si barua za hawara!"

Uwanja ukaangua kicheko. Chifu alicheka. Wanaume walioegemea ukuta walipigana viganja. Kahaso, aliyesimama kando ya meza na vyeti mkononi, aliwageukia wanafunzi wake, akaona nao wanacheka, wamejiziba midomo kwa leso.

Mbunge akanyoosha mkono apewe cheti cha kwanza. Kahaso hakumpa.

"Mheshimiwa, neno hilo nakuomba uliondoe."

"Neno gani, mwalimu? Huo ni utani."

"Hawa ni mama za watu. Wamesoma miaka mitatu, wengine na watoto mgongoni. Hawakustahili kutukanwa siku yao."

Mbunge akamtazama juu hadi chini. "Wewe una mume?"

"Sina."

"Mnaona wenyewe!" akauambia umati.

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Kahaso alivikumbatia vile vyeti kifuani, akapita katikati ya watu, akaenda zake. Hakuna aliyemfuata.

Kesho yake alivipeleka vyeti nyumba kwa nyumba. Kwingine mume alikuja mlangoni, akakichukua cheti bila kumkaribisha. Dorcas, mwanafunzi wake ambaye pia alikaa naye benchi moja kanisani, alimwambia kwa sauti ya chini, "Umetuaibisha, Kahaso. Ungenyamaza tu yapite." Jumapili iliyofuata Dorcas alihamia upande wa pili.

Darasani hakuja mtu. Kahaso aliendelea kufungua mlango saa tisa, akaketi. Aliwasikia akina mama wakipita na ndoo za maji, wakipunguza sauti wafikapo dirishani. Wiki ya tano chifu alimtaka arudishe ufunguo.

Alikuwa nyumbani anachambua mchicha Mwanatatu alipopiga hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Akaketi mkekani. "Mimi sikukatazwa na mtu kuja darasani. Mume wangu ni marehemu. Ni haya tu zilizonizuia. Wallahi, nami nilicheka siku ile."

"Nilikuona."

"Nilicheka kwa vile wote walicheka. Nilipofika nyumbani nikalia."

Kahaso alikuwa na hasira naye, na papo hapo alitaka asiondoke. Akamtilia chai.

Tangu siku hiyo Mwanatatu akawa anakuja kila Alhamisi, wakisoma gazeti kuukuu kwa zamu, mpaka mwaka wa 1991 alipohamia Likoni kwa binti yake. Mwaka uliofuata mbunge yule alichaguliwa tena. Kahaso alivisikia vifijo akiwa jikoni.

Baadaye alipata kazi ya kupokea barua katika shule moja ya Changamwe. Walimu wa pale walikuwa wamepata habari.

"Ni kweli ulimnyima mbunge vyeti?" mmoja alimwuliza, akicheka.

"Ni kweli."

"Na ingekuwa leo?"

"Ningemnyima."

Yule mwalimu akaacha kucheka, akarudi kwa wenzake. Upweke Kahaso hakuuzoea kamwe. Alasiri zilipomkuta hana kazi, alitembea mpaka karibu na bandari, pale Kipevu, akasimama akitazama malori yaliyopanga foleni, kisha akarudi.