Sanda ya Lualaba

Mimi ni mpima maji hapa Nyangwe, na aibu hii nilijitafutia mwenyewe. Mama Zaina alinijia asubuhi: «Papa, pale tunachota maji iko mutu chini. Amevaa sanda.»

Nilikwenda nikicheka. Mto Lualaba ulikuwa umejaa kabla ya majira yake. Chini ya maji, kitambaa cheupe kilijikunja, kikanyooka, kana kwamba kinapumua. Nikawafukuza wanawake na bidoni zao za maji, nikaanza kusoma dua.

Mama Zaina alichoka kungoja. Akaingia majini, akakivuta. Kilikuja na kamba iliyokatika: kitambaa nilichokifunga juzi, mbali kule juu mtoni, kinase vijidudu vya kipindupindu.

Akasoma etiketi iliyofungwa kwenye kamba, akanitazama.

«Papa, huyu maiti iko na jina lako.»