Dunia ya Punje Saba

Wanafunzi walimwita Mwalimu Mizani, na jina likamganda. Alikuwa mwanamke wa kupima kila kitu: chumvi ya mboga, maji ya kuoshea vyombo, hata maneno ya mashemeji. Mumewe aliwatania wageni, "Mke wangu hapiki, anafanya jaribio." Kitu kimoja tu hakujua kukipima, nacho ni hasira yake, na siku hiyo ilikuwa imefurika tangu asubuhi.

Mkuu wa shule aliitaka maabara. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo kuliko vyote, sinki moja na meza mbili zilizounguzwa na tindikali, na humo ndimo Mizani alimofundisha miaka yote ya ualimu wake. Mkuu alitaka kukitia makochi kiwe sebule ya wageni. Wageni gani, Mungu wangu, shule ambayo hata wazazi huja kwa kuitwa! Bodi ingeamua siku hiyo hiyo, na Mizani aliruhusiwa kuonyesha somo moja tu la kukitetea.

Akaazima jikoni gunia la mchele la kilo hamsini, akaliegemeza kwenye meza. Hilo ndilo lingekuwa jua. Kisha akakaa na mizani ndogo ya maabara, akapima sayari kwa kulinganisha na gunia hilo. Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, ikatoka konzi moja. Zohali, kijiko cha chakula. Sayari nyingine zote kwa pamoja zilikuwa kijiko cha chai, na ndani ya kijiko hicho Dunia yetu hii, pamoja na majivuno ya watu wake, punje saba. Akazipanga juu ya vipande vya karatasi, akaenda kunawa uso.

Aliporudi, mkuu alikuwa ameshafagia meza kwa kiganja na kuurudisha mchele wote guniani.

"Nimekusafishia, mwalimu. Bodi iko mlangoni, na meza ilikuwa imejaa uchafu."

Damu ilimchemka Mizani mpaka masikio yakamwuma. "Uchafu? Umezoa sayari zote!"

"Mchele ni ule ule. Hebu tazama gunia, kuna kilichopungua?"

Wajumbe wakaingia wakiongozwa na mwenyekiti wao, mama muuza mbao aliyekuwa na haraka zake. Mizani hakungoja salamu.

"Mama mwenyekiti, somo langu liko humo guniani. Mkuu amelimaliza kabla sijaanza. Karibu uzito wote wa jua na sayari zake ni wa jua peke yake. Ukizitupia sayari zote ndani, gunia wala halishtuki. Dunia ni punje saba. Na mkuu anasema hakuna kilichopungua! Ndivyo anavyoitazama shule hii pia: chumba kidogo, kizolewe, nani atajua? Sasa niambieni, hizo punje saba zikizolewa, ninyi mtaketi wapi?"

Sauti ilimpasuka. Hakuomba radhi. Mkuu akakohoa kikohozi cha mtu asiye na kikohozi.

Mwenyekiti alivuta kigoda, akaketi, akaweka mkoba sakafuni. "Zipime tena, mwalimu. Tunasubiri."

"Na wageni, mama?" mkuu akauliza. "Tutawapokelea wapi?"

"Kwani wewe huna ofisi?"

Mizani akaivuta mizani karibu, kwa hasira ambayo ushindi haukuipunguza hata kidogo. Akaanza na sayari ndogo.

"Mkuu," akasema bila kuinua kichwa, "funga mlango. Mirihi ni punje moja tu, na upepo umeshaichukua mara mbili."