Mwenye Kupigwa, Atoke

Mtu asiniambie tena kwamba chema chajiuza. Mudogo wangu alikuwa na methali hiyo mdomoni kila siku, wakati anatengeneza jeu yake, mchezo wa video, kwenye meza yetu ya kulia chakula, mimi yaya yake, mkubwa wake, nikimchorea picha. Ingekuwa kweli, angekuwa bado hapa Bukavu.

Jeu yenyewe ilikuwa hivi: wewe ni mwendesha pikipiki, unatoka Walungu umempakia mama mwenye uchungu wa kuzaa, unampeleka hospitali, na barabara yote ni matope. Ukikimbiza, mnaanguka. Ukichelewa, anazalia njiani. Mvua inapiga mabati ya nyumba unazopita, na mama anahema karibu na sikio lako. Ilikuwa nzuri, na sisemi hivyo kwa sababu ni damu yangu. Mara ya kwanza nilipoicheza, niliirudia mpaka nikamfikisha yule mama hospitali.

Papa alikuwa amechoka kungoja. Alikuwa amemtafutia nafasi katika ofisi moja huko Kalehe, na jibu lilitakiwa Jumatatu.

"Onyesha batu ile jeu yako," alimwambia mezani. "Baipende, utabakia. Baikatae, utaenda kutumika kama batoto ya bengine."

Mudogo akakubali. Maman aliguna tu.

Ndiyo maana Jumamosi tulikuwa mtaa wa Kadutu, katika salle moja, ukumbi wa michezo ya video. Mwenye nayo, mzee mmoja mcheshi ambaye wote wanamwita tonton, alitupatia televisheni ya katikati mchana mzima. Mle ndani kuna sheria moja tu, na kila mtu anaijua: wawili wanacheza mpira wa kwenye televisheni, mwenye kupigwa, yaani kufungwa, atoke, mwingine aingie. Na anayetoka, weee! Wanamchekelea mpaka barabarani, na kesho wanamngoja wamcheke tena.

Kijana wa kwanza akashika manete, kile kidude cha kuchezea. Alicheza taratibu, jasho likimtoka. Nyuma yake watu wakanyamaza. Kwanza nilifurahi, nikafikiri ni heshima. Kisha nikaona macho yao yanaenda kwenye televisheni ya kando, ambako wenzao walikuwa wanapigia goli kelele.

"Anapigana na nani?" mmoja akauliza.

"Hapana mutu," mudogo akajibu. "Ni yeye na barabara."

"Ah bon. Basi atatoka saa gani?"

Tulikuwa tumefikiria matope, mvua, hata kilio cha mtoto akizaliwa. Kutoka hatukukufikiria. Huyu hakupigwa na mtu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumsimamisha, na waliongoja zamu wakabaki wima kama watu walio kwenye matanga. Alipomfikisha yule mama hospitali, hakuna aliyeshangilia. Alirudisha manete kwa adabu.

"Grand, jeu yako iko muzuri sana," alimwambia mudogo. "Lakini sasa miye nitachekelea nani?"

Akaenda zake kwenye mpira. Wengine wakamfuata.

Nje nilimkamata mudogo mkono.

"Weka pikipiki ya pili! Bashindane, mwenye kuchelewa atoke! Ugumu iko wapi?"

"Yaya, ule mama anazaa. Ashindane na nani?"

"Acha kiburi!"

"Haiko kiburi." Akautoa mkono wake mkononi mwangu. "Nikifanya vile, haitakuwa tena yenye nilitaka."

Nilitaka kumpiga kofi, na nilitaka kumkumbatia. Hakukosea. Wale vijana nao hawakukosea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu nilikuwa natafuta mtu wa kutukana na sikumpata.

Jioni Papa alikuwa ametayarisha mahubiri yake, ilionekana kwa namna alivyokuwa anasafisha koo. Mudogo hakumngoja.

"Papa, nitaenda Kalehe."

Papa akamsogezea sahani ya bugali, akamwambia ale.

Juzi nilimpigia simu, nikamuuliza kama kuna kitu anatengeneza.

"Yaya, huku ofisini bananiitaka chef, mukubwa," akasema, akacheka kidogo.

Nikamuuliza tena. Akaniuliza kama miguu ya Maman inaendelea vizuri. Nilimjibu, nikakata simu, nikalia kwa hasira, maana ile namna ya kukwepa swali, na sauti yenyewe, ilikuwa ya Papa kabisa.