Gari la Mkunga Likikata Kona

Jina la Sikio hakupewa na mama yake. Alipewa na wateja. Enzi zake, gari likiingia tu getini, fundi huyo alikuwa keshasema, "Plagi moja imekufa," na ukifungua unaikuta kweli imekufa. Gereji yake ilikuwa banda la mabati ubavuni mwa nyumba, na upande wa pili wa ukuta mkewe alishona nguo. Pacha wao walishakua na kwenda kujitegemea, lakini wenyewe waliendelea kuitana Baba Pacha na Mama Pacha.

Siku moja akaja mkunga wa zahanati, mama wa makamo mwenye haraka zake, na gari dogo jeupe.

"Fundi, nikikata kona linalia. Tena si kidogo! Juzi nimeingia uani kwa mzazi, mumewe akatoka mbio akidhani nimekanyaga mbuzi."

Sikio akacheka, akakaa nyuma ya usukani, akauzungusha kushoto, akaurudisha kulia. Ngurumo ya injini aliisikia vizuri. Mlio, hakuna. Akamtupia jicho mkunga: alikuwa amekunja uso, kidole sikioni.

"Umeusikia?"

"Nimeusikia," Sikio alidanganya.

Akabahatisha. Mkanda wa usukani ukilegea huwa unapiga kelele kwenye kona, akafunga mpya. Mkunga akashukuru, akaondoka, na kesho yake akarudi.

"Mkanda mpya, fundi, wimbo ule ule."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuuma Sikio zaidi. Mkunga akamwachia ufunguo, akaenda kazini kwa miguu.

Sikio alibaki ndani ya gari akizungusha usukani huku na huku. Alikuwa anajua, tangu zamani kidogo, kwamba sauti nyembamba zinamtoroka. Zilianza za ndege, ikafuata filimbi ya birika. Hakumwambia mtu. Fundi anayeitwa Sikio angeanzia wapi?

Mkewe alipoleta chakula cha mchana, alisimama mlangoni akaziba masikio.

"Jamani, acha! Linanitia ganzi ya meno!"

"Nini?"

"Huo mlio."

"Mlio gani, Mama Pacha?"

Mkewe akaweka bakuli kwenye benchi. Akazunguka gari taratibu mpaka nyuma yake, akamwita kwa sauti ndogo kupitia dirishani. Sikio hakugeuka. Akamwita tena. Kisha akarudi mbele, macho yamemjaa maji.

"Tangu lini?"

Sikio akatazama mikono yake. "Muda."

"Kumbe! Na mimi nilidhani umenichoka. Naongea, umenipa mgongo, hujibu. Nikasema basi, watoto wameondoka, hana tena la kuzungumza nami. Nikawa nameza tu."

Sikio akashuka. Mikono ilikuwa imejaa grisi na gauni la mkewe lilikuwa safi, kwa hiyo hakumshika. Alimwinamia tu, akaegemeza paji la uso begani mwake.

"Nikuchoke wewe, niende wapi?"

Mama Pacha akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Haya, zungusha usukani nisikilize. Chakula kipoe tu."

Akachuchumaa mbele ya gari, akainamisha kichwa kushoto na kulia kama kuku anayetafuta punje.

"Si kwenye injini. Huku chini, nyuma ya tairi la kushoto. Linalia kama mkasi uliokauka mafuta."

Wakabadilishana. Mkewe akashika usukani, Sikio akalala chini, akapeleka vidole kwenye kile kifundo cha chuma kinacholiwezesha gurudumu kugeuka. Usukani ulipozunguka, kifundo kikatetemeka chini ya vidole vyake. Alichokosa sikioni akakipata mkononi. Mpira unaofunika kifundo ulikuwa umepasuka, maji na matope yameingia, grisi imekwisha, chuma kinasaga chuma. Kupaka grisi kungelinyamazisha gari kwa siku chache, lakini kifundo kilishaanza kucheza, na kikichomoka njiani gurudumu linalala. Akainua gari, akaking'oa kile kibovu, akafunga kipya.

Wakatoka kulijaribu, mkewe ubavuni.

"Bado?"

"Kimya."

"Na kulia?"

"Kimya. Hebu kata tena ile kona, napata upepo."

Mkunga alipokuja jioni, Sikio alimwambia mbele ya mkewe: "Mama, nilikudanganya. Sikusikia kitu. Aliyesikia ni huyu."

Mkunga akamtazama, sasa bila haraka yoyote. "Pale kwetu huja daktari wa masikio. Utakuja mwenyewe au nikubebe? Mimi nimeshabeba wanaolia kuliko gari hili."

Alikwenda, mkewe akiwa naye. Daktari akamwambia ni miaka mingi ya nyundo na mabati. Yaliyopotea hayatarudi yote, ila kifaa kitamsaidia. Siku hizi mkewe humgusa bega kwanza ndipo aseme, na likija gari linalolia, Sikio hugonga ukuta kumwita.

Lakini jioni ile ile ya gari jeupe, akinawa mikono kwenye ndoo, Sikio alisema, "Yale uliyoniambia nikiwa nimekupa mgongo, niambie upya."

"Yote? Mengine ni matusi."

"Anza na hayo."

Mama Pacha akavuta kigoda, akakaa akimwelekea uso kwa uso, akaanza.